Kizidisho cha Mwakasumbi

Kila Jumanne saa tatu asubuhi, hospitalini, Bi Kalunde Maganga alisimama mbele ya watu kumi na wawili na kuwadharau. Aliwadharau kwa zamu, kuanzia yule aliyekaa dirishani hadi yule aliyekaa karibu na mlango ili awahi kutoka. Miaka kumi na tisa ya kuwafundisha wenye kisukari namna ya kujitunza ilikuwa imemfikisha mahali pamoja tu. Binadamu akiambiwa jambo la kumwokoa ataitikia kwa kichwa, atasema ahsante, kisha atarudi nyumbani kuendelea na yake.

"Mama Tungu," alisema, "jana mchana ulikula nini?"

Mama Tungu, mama lishe wa pale sokoni, mwili wa kushiba haswa, alijifuta jasho kwa pindo la kanga. "Mchicha, mwalimu. Na ugali kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama ngumi."

"Ngumi ya nani? Ya tembo?"

Watu wakacheka chini kwa chini, na Mama Tungu mwenyewe akacheka nao, hana hata chembe ya haya. Kalunde akasonya. Unamtukana mtu usoni naye anakuchekea. Watu wa namna hii utawafanya nini?

Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa imerahisishwa mpaka basi. Wote mle ndani walikuwa na Mwenza, kichupa chembamba kama punje ya mpunga kilichopandikizwa chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, chenye insulini ya mwaka mzima, na shanga ndogo sikioni iliyosema nao kwa sauti ya mwanamke mpole. Kabla ya kula, shanga inauliza, "Unakula nini, mwenzangu?" Unataja chakula na kiasi. Mwenza anapiga hesabu na kuachia dawa, wewe unaosha mikono na kula. Habari za sindano zilikwisha. Wilaya ya Mwakasumbi ilikuwa imeziondoa miaka mitano nyuma, na sasa hata ukizitafuta kwa tochi huzipati. Kalunde mwenyewe alikuwa na kisukari, na ndiye aliyewekewa Mwenza wa kwanza wilayani, akapigwa picha akitabasamu.

Mwenza aliweza kuonja sukari ya damu, hilo ni kweli. Lakini dawa ikishatoka hairudi ndani. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea mdomo wa mgonjwa dakika ile moja kabla ya kula. Kati ya sayansi yote ile, mgonjwa alibakiziwa kazi moja, kusema kweli, na hiyo ndiyo iliyowashinda watu wa Mwakasumbi.

Mtu wa Mwakasumbi hali peke yake. Anakula kwenye sinia moja na shemeji, na mkwe, na jirani aliyepita kuomba moto akakaribishwa. Na mbele ya sinia hata mwenye njaa ya siku mbili hutanguliza kusema, "Mimi kidogo tu." Kutangaza kwa sauti kwamba utakula vipande vinane vya muhogo, mkweo anakutazama, ni sawa na kuvua nguo. Hao waliobuni Mwenza, watu wa kula kila mmoja na kiboksi chake mezani kwake, hilo halikuwapitia akilini.

Kalunde alilijua, ila hakulikubali kuwa sababu. Kwake lilikuwa ujinga uliovaa kanzu ya adabu.

"Kuna mtu mmoja tu mwenye akili humu," alisema, kama alivyosema kila Jumanne, na kunyoosha chaki kuelekea kiti cha mbele.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mwenye kiti alikuwa mzee Ndalahwa, seremala, miaka sitini na sita, mtu wa vipimo. Wenzake walipotaja ngumi na viganja, yeye alitaja gramu, kwa sababu alinunua mizani na kuiweka jikoni licha ya kelele za mkewe. Miaka miwili alikuwa akitumia vidonge. Vidonge viliposhindwa akapewa Mwenza, na hizo zilikuwa wiki tatu tu. Kila alilofundisha Kalunde aliliandika, na kila aliloandika alilifanya. Wenzake walimtazama kwa huruma fulani ambayo Kalunde hakuwahi kuielewa, wala hakujishughulisha kuielewa.

Kabla hajauliza mzee yuko wapi, mlango ulifunguliwa. Alikuwa Nyamizi, mke wa Ndalahwa, miguu pekupeku.

"Mwalimu, wamemleta mume wangu. Yuko wodini. Hajitambui."

*

Kalunde alipofika wodini, mzee alikuwa ameshafumbua macho. Nesi wa zamu alimwonyesha namba. Sukari moja nukta nane, wakati ya mwenye afya haishuki chini ya nne. Alikutwa karakanani, uso chini kwenye maranda, na patasi imempita sikio kwa upana wa kidole. Angekawia kuonekana kwa nusu saa, wangekuwa wanazungumza mambo ya sanda.

Kalunde alivuta kigoda. Alikuwa na woga, na woga wake siku zote ulitoka kinywani ukiwa umegeuka ukali.

"Mzee Ndalahwa, ulitaja chakula kisha hukukila."

"Nilikula."

"Ulikula nusu ukaenda kupiga randa."

"Nilikula chote, mwalimu. Ugali gramu mia mbili. Maharage gramu themanini. Nyamizi alikuwapo."

"Alikula," Nyamizi alisema. "Aliramba hata sahani."

"Kumbe hata wewe," Kalunde alimwambia mzee, na sauti yake ilijaa dharau ileile ya kila Jumanne. "Nilidhani nina mtu mmoja. Kumbe sina hata huyo mmoja."

Ndalahwa aliinua mkono wenye dripu, akamwashiria mkewe ampe koti. Mfukoni mwa koti mlikuwa na daftari dogo lililoandikwa kwa penseli ya useremala. Kila mlo wa wiki tatu ulikuwa mle, na saa yake, na uzito wake. Pembeni, kwa herufi ndogo, aliandika jinsi alivyojisikia. Kutetemeka. Jasho la ghafla. Kutetemeka tena. Nimesahau jina la mjukuu kwa dakika kumi.

"Mbona hukuniambia haya?"

"Ulisema mwili utazoea. Ulisema anayelalamika mapema ni mvivu wa kujifunza."

Kalunde alikuwa amesema hivyo. Alikumbuka mpaka siku yenyewe.

Alichukua kisomeo ukutani, akakipitisha juu ya mkono wa mzee ili Mwenza atoe kumbukumbu zake. Wagonjwa hawakupewa visomeo, maana Kalunde mwenyewe aliwahi kuandika barua kwamba namba zingewachanganya. Maneno yakajipanga kwenye kioo. Ugali uliotajwa, mia mbili. Ugali uliohesabiwa, mia nne na themanini.

Akarudi mlo wa juzi. Uliotajwa, mia moja na hamsini. Uliohesabiwa, mia tatu na sitini. Akarudi wiki nzima, na hesabu haikubadilika popote. Mwenza alipokea neno la mzee, akalizidisha mara mbili nukta nne, kisha akammiminia dawa ya mtu wa pili ambaye hayupo.

*

"Shikamoo mama," alisema Injinia Kibasa, mtunza mfumo wa mkoa, kijana wa ndevu zilizochongwa kwa rula. Sura yake ilijaa kioo kizima cha kompyuta ya ofisi. "Hiyo si hitilafu. Hicho ni kizidisho cha wilaya."

"Marahaba. Kizidisho cha nini?"

Alimweleza polepole, kwa ule upole wa mtu anayejua zaidi yako na anafurahia. Mwaka wa kwanza Mwenza aliwaamini watu wa Mwakasumbi. Walisema kidogo, akatoa dawa kidogo, wakala milima. Sukari zikapanda, vidonda vikaota miguuni, na miguu arobaini na mmoja ikakatwa mwaka huo. Kisha Mwenza akajifunza. Alilinganisha yaliyosemwa na sukari za baada ya kula, akagundua watu hawa wakitaja moja wanakula mbili na kitu, akaanza kuzidisha kimyakimya. Mwaka jana ilikatwa miguu mitatu tu.

"Kila mtu ana kizidisho chake?"

"Hapana, mama. Bongo, yaani akili ya kupiga hesabu, ni moja kwa wilaya nzima, watu elfu kumi na moja. Bongo la kila mtu lilikuwepo kwenye orodha ya kuagizia. Wilaya yenu haikuliomba. Wataalamu wenu waliandika kwamba watu wa huko wote wako namna moja."

Kalunde aliijua karatasi hiyo. Kamati iliyoiandika ilikuwa na wajumbe watano, na yeye alikuwa mmojawapo.

"Basi mtu akisema kweli?"

"Anapata dawa nyingi mno. Wapo, lakini wachache. Kwa takwimu zetu wanaoanguka hawafiki hata asilimia moja na nusu."

"Hao ni watu mia na kitu, Kibasa."

"Na upande wa pili kuna elfu kumi na zaidi. Nikirudisha kizidisho kuwa moja leo, keshokutwa sukari za hao wote ziko juu. Nikikiacha, huyo mzee wako anaanguka tena. Niambie wewe unayewajua, nifanye lipi?"

Kalunde alimtazama kijana yule juu mpaka chini, hadi pale kioo kilipomkatia. Alitamani kumwambia jambo la kumuumiza.

"Mwambie mzee agawanye," Kibasa aliendelea. "Akitaka kula mia mbili, ataje themanini na tatu. Mwambie yeye peke yake. Usitangaze darasani. Ukitangaza, huyu atasema kweli, yule atagawanya, mwingine atagawanya mara mbili, na kizidisho kitayumba kama mlevi. Hapo watu watakufa kweli, mama. Wale waongo waache na uongo wao. Ndio unaowalinda."

*

Alirudi wodini alasiri. Ndalahwa alikuwa amekaa, mto mgongoni, mbele yake uji ambao hakuugusa. Shanga ilishamuuliza mara mbili anakula nini, naye hakujibu. Aliogopa kujibu. Mzee aliyechonga mihimili ya nusu ya nyumba za mji ule alikuwa anaogopa bakuli la uji.

Kalunde alimweleza kila kitu kuhusu kizidisho, kwa maneno mafupi. Kisha akamwambia agawanye kwa mbili nukta nne.

"Yaani niseme uongo."

"Ni hesabu tu, mzee wangu."

"Nikiwa mbele ya watu, nikasema themanini na tatu, kisha nikala mia mbili, hiyo inaitwa hesabu?"

"Iite unavyotaka. Ila uishi."

Mzee alikoroga uji, akauacha. Alikuwa anafikiri kama alivyofanya kazi, bila haraka, kipimo kwanza.

"Na hao wengine mia na kitu, nani atawaambia wagawanye?"

"Hilo si lako."

"Sawa." Alikoroga tena. "Mwalimu, nikuulize. Wewe una Mwenza miaka mitano. Wewe unatufundisha kusema kweli. Mbona wewe hujaanguka hata siku moja?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Alitaka kujua tu, kama mtu anayeuliza kwa nini mlango huu unafunga vizuri na ule haufungi.

Kalunde alifungua kinywa kusema kwamba yeye ni mtaalamu, na akaona hilo si jibu. Mbele ya macho yake ilikuja meza ya nyumbani, mama mkwe upande wa pili akipakua wali kwa kijiko kikubwa, shanga ikimnong'oneza, naye akijibu kwa sauti ya adabu, "Kidogo tu." Mchana na jioni. Miaka mitano. Na baadaye kuongezwa kijiko kimoja, na kingine, kwa kuwa kukataa chakula cha mama mkwe ni kumtukana. Hakuwahi kuuhesabu ule kuwa uongo. Waongo walikuwa wale wa Jumanne. Kwake ule ulikuwa ustaarabu tu.

Kama angelifuata somo lake mwenyewe, angeshazikwa.

"Kunywa uji," alisema. "Ukiulizwa, sema vijiko vinne."

Bakuli lilikuwa na vijiko kumi. Ndalahwa alisema vijiko vinne, akameza uji wote huku amefumba macho, na Kalunde alikaa pale saa mbili akimpima mpaka sukari ikatulia kwenye sita.

*

Wiki nzima alipigana na maneno ya Kibasa. Kijana alikuwa mpumbavu wa majivuno, lakini hesabu zake zilikuwa hesabu. Akikaa kimya, kuna watu mia na kitu huko vijijini, watu wanyoofu kama Ndalahwa, wataendelea kuanguka majikoni na mashambani wakidhani mwili unazoea. Akisema, atawakabidhi ukweli watu wasioweza kutofautisha gramu na kijiko, nao wataukoroga mpaka mashine yenyewe ichanganyikiwe. Aliwajua. Aliwafundisha miaka kumi na tisa. Kila alipowafikiria, aliona nyuso zikiitikia kwa kichwa huku masikio yamefungwa.

Lakini kila alipoamua kunyamaza, alilisikia swali la mzee.

Jumanne aliingia darasani bila chaki. Ndalahwa alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, amepungua, na shati limemkaa kama la kuazima. Kalunde hakuwauliza walikula nini. Alisimama akiwa ameshika mgongo wa kiti.

"Nimewaita waongo kwa miaka mingi," alisema. "Leo nina jambo la kuwaambia, na huenda nikafukuzwa kazi kwa kuwaambia."

Aliwaeleza habari za kizidisho. Alieleza kwamba Mwenza huchukua wanachosema na kukizidisha mara mbili nukta nne, na kwamba anayesema kweli anapewa dawa ya kumwangusha. Akaeleza kwamba mzee Ndalahwa alifika mlangoni mwa kaburi kwa ajili ya hilo. Na mwisho akaeleza kwamba yeye mwenyewe nyumbani kwake husema kidogo tu kama wao. Alijiandaa kwa kelele. Alijiandaa kwa kilio, kwa maswali ya kipuuzi, kwa mtu kung'oa shanga yake na kuitupa.

Hakuna aliyeshtuka. Watu walitazamana. Mmoja alikohoa. Yule wa karibu na mlango aliangalia viatu vyake.

"Mwalimu," Mama Tungu alisema hatimaye, kwa upole, "hilo tunalijua."

"Mnajua nini?"

"Kwamba anazidisha. Hatukujua ni mbili na nukta ngapi. Sisi tunasema, taja nusu, halafu shuka kidogo." Alivuta mkono wa gauni. Toka kiwiko hadi bega palikuwa na kovu la moto, limekunjamana. "Mwaka wa pili. Nilikuwa peke yangu jikoni, hakuna wa kumwonea haya, nikataja ukweli kama ulivyotufundisha. Nikaangukia jiko. Nilipopona nikawa nataja na kujiangalia, nataja na kujiangalia, mpaka nikapata pa kusimama. Nikamwambia jirani. Jirani akaambia wengine. Sasa hivi sokoni ukiwekewa Mwenza, kabla kidonda hakijapona, mtu ameshakuja kukuelekeza."

"Na vijijini?"

"Wa kijijini wanashuka sokoni. Tunawaambia. Wanaoanguka ni wageni, au wale wasiokuwa na watu."

Watu hawa ambao Kalunde aliwaita waongo walikuwa wameipima mashine kwa miili yao wenyewe, bila kisomeo wala mizani, na kuielewa kabla yake. Walikaa mbele yake Jumanne baada ya Jumanne wakijibu "kama ngumi" kwa sababu ngumi ndiyo iliyokuwa jibu sahihi la kumwambia Mwenza.

"Kwa nini hamkuniambia mimi?"

Hapo ndipo wote waliposhangaa.

"Wewe mbona mzima?" Mama Tungu alisema. "Miaka mitano huanguki, miguu yako safi. Tukajua unajua. Tukasema hayo mengine ya kusema kweli ni ya vitabuni, ya wageni wa wizarani wakija, lazima ayaseme ili alinde kazi yake. Tukawa tunakuitikia."

"Na mzee? Mlikuwa mnamwona hapa kila wiki anataja gramu zake. Kwa nini hamkumwambia mzee Ndalahwa?"

Mama Tungu alishusha mkono wa gauni, akaulainisha juu ya kovu.

"Mimi nilitaka," alisema. "Lakini huyu alikuwa wako, mwalimu. Ulimweka mbele ukasema ndiye mwenye akili, sisi wengine takataka. Nani angesimama hapa amfundishe mwanafunzi wako? Ungemtukana mpaka ajute. Nikasema, mwalimu mwenyewe atakuwa amemnong'oneza."

Kalunde alimgeukia Ndalahwa, akaona mzee anamtazama kama siku zote, akingoja aambiwe la kufanya.

"Hamia kule nyuma, mzee wangu," alisema. "Kaa na Mama Tungu. Akuelekeze kabla ya saa ya kula. Chochote nilichokufundisha mimi, kiache hapa."

Ndalahwa aliinuka taratibu, akafunga daftari lake, akashika kiti chake kwa mikono miwili. Alipofika usawa wa Kalunde alisimama kupumzika. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua Kalunde kabisa.

"Kumbe darasa zima, mwalimu," alisema, "aliyekuwa anakusikiliza ni mimi peke yangu."